Mzee Mwaisaka, Mkwewe na Njia ya Ndege

Ukimwuliza kijana wa Tukuyu leo kama wilaya ya Rungwe iliwahi kuwa na mnara wa kuongozea ndege, atakucheka, kisha atakuelekeza kwenye uwanja wa ndege wa Songwe. Simlaumu. Mnara wenyewe ulikuwa kibanda cha mbao juu ya nguzo za miti ya milingoti, na bati lake lilivuja mahali palepale kila mwaka. Chini yake palikuwa na njia ya kurukia ndege, ya majani, imebanwa na chai pande zote mbili, ndani ya shamba ambalo sitalitaja. Mimi, Bupe, nilifanya kazi mle juu mpaka nikastaafu. Siku hizi pamepandwa chai yote, na wachumaji wanaopita pale hawajui kuwa wanakanyaga kiwanja.

Mmeniomba niwaandikie, nyinyi vijana mnaokwenda kusomea kazi hii mijini, kwenye minara ya vioo na viyoyozi. Mmesema mnataka mafunzo ya wazee. Ninayo machache, nitawapa. Lakini nisiwadanganye kwamba kila nilichokiona nilikielewa. Kipo kisa kimoja cha kosa lililofanyika pale mnarani ambacho nimekigeuza kichwani kama mtu anayetafuta upande wa mbele wa shati gizani, na nitakiandika nikiwa nimechanganyikiwa vilevile. Majina nimeyabadilisha, na wahusika wakuu wote wawili wameshatangulia.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mwaisaka. Alikuwa ameongoza ndege kwenye viwanja vikubwa tangu ujana wake, akaomba kurudi kwao azeekee kwenye migomba yake, na shamba likamchukua. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, mkali wa utaratibu. Chai alikunywa bila sukari na alitaka kila mtu anywe hivyo, jambo ambalo mimi, mtoto wa Nkunga niliyezoea sukari ya kujazia kijiko, sikumsamehe.

Kazi yetu ilikuwa rahisi kuieleza. Rubani anaita kwenye simu ya upepo, anasema yuko wapi. Unamwambia upepo unatoka wapi, mvua iko wapi, na kama njia iko wazi. Neno hilo la mwisho ndilo kazi yenyewe. Rubani akishuka anayaamini macho yako kuliko yake, kwa sababu yeye ana mlima, ukungu na vipimo vyake vya kuhangaikia. Ukimwambia iko wazi, kwake iko wazi.

Mzee alikuwa na kikombe cha bati, kile chenye rangi ya kumenyeka. Kitu chochote kikiwa kwenye njia, awe mtu, ng'ombe au trekta la shamba, alikifunika kile kikombe juu ya kipaza sauti. Ukitaka kusema na rubani lazima mkono wako ukutane kwanza na kikombe, na kikombe kinakuuliza: umehakikisha? Mkifika kwenye minara yenu mtakuta taa na vidude vya kufanya kazi hiyohiyo. Msivicheke. Binadamu husahau hata kile alichokiona dakika ile ile, na anayejiamini ndiye husahau vizuri zaidi.

Nakumbuka msiba mmoja. Siku ya gulio watu wa vijiji vya juu walizoea kukatiza njia yetu, na tulizoea kuwafukuza kwa kugonga rimu ya lori tuliyoining'iniza kwenye nguzo. Siku moja ndege imeshaita, nikatazama chini nikaona msafara wa maziko unaingia njiani, jeneza mbele, akina mama wanaimba. Nikagonga rimu. Nani akimbie na jeneza? Mzee akafunika kikombe, kisha akakiinua kidogo tu, akamwambia rubani azunguke. Rubani akauliza kuna nini. Watu, akasema Mzee. Rubani akauliza watu wangapi. Mzee akatazama chini, akatazama tena, akajibu: "Wote." Rubani akazunguka mpaka wimbo ukaisha upande wa pili. Baadaye aliposhuka alikuja kutoa pole, na Mzee akampa chai yake chungu.

Mimi nami nilikoseshwa na ng'ombe. Nilikuwa mgeni kazini, nikatazama njia kwa darubini, nikaona majani matupu, nikasema iko wazi. Mzee akaniuliza kama nimetazama ule mbonyeo wa katikati. Pale katikati ardhi ilididimia kidogo, na majani yalikuwa na haraka ya kuota. Nikasema nimetazama. Kumbe ng'ombe kalala mle, anacheua. Rubani alimwona mwenyewe kwa juu akapaa tena. Mzee hakunigombeza. Alinishusha ngazi, tukaitembea njia yote, mvua inanyesha, mimi na viatu mkononi, mpaka kila tundu na kila mwinuko nikaujua kwa nyayo. Akaniambia kuwa macho hupenda kwenda mahali pazuri, yanapita haraka mahali yasipopapenda, kwa hiyo ni lazima uyashike mkono kama mtoto uyapeleke. Darubini yake ilikuwa na mwendo wake: inaanzia mwanzo wa njia, inakwenda taratibu, inatulia kwenye mbonyeo, inaendelea mpaka mwisho, kisha inarudi. Ningeweza kuufuata ule mwendo nikiwa nimefumba macho.

Basi yakaja yale mageuzi, soko huria, ubinafsishaji, majina mengi. Nyinyi mmeyasoma shuleni. Sisi yalitufikia kwa sura ya watu kurudi nyumbani. Kwenye kiwanda cha chai walipunguzwa wengi, na mwenye shamba mpya akaja na utaratibu wake. Ndege zikaongezeka ghafla: wanunuzi wa chai, mafundi wa mashine, mabwana wa benki, marubani ambao Kiingereza chao kilinifanya niombe warudie mpaka wakakasirika. Zamani ndege ilikuwa habari ya wiki nzima. Sasa siku nyingine zilikuja mbili, moja inataka kuruka na nyingine inataka kutua, na njia ni hiyo hiyo moja. Wafyekaji wa majani wa kudumu, wanaume waliokuwa na makoti ya mvua ya shamba na nyapara wao, waliondolewa. Mahali pao wakaja vibarua wa siku, na wengi wao wanawake, kwa sababu ujira ulikuwa mdogo. Hakuna aliyeona ubaya. Fyekeo ni fyekeo.

Mmoja wa vibarua hao alikuwa Sekela. Mume wake, kijana wa kwanza wa Mzee Mwaisaka, alikuwa amepunguzwa kiwandani, nyumba ina watoto, na Sekela hakuwa mtu wa kukaa kulia. Akaenda kwa msimamizi, akaandikishwa, akapewa fyekeo. Kwa hiyo mke wa mwana wa Mzee akawa anafyeka njia ambayo kazi ya Mzee ni kuitazama.

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana nyinyi wa sasa mnakula meza moja na baba wakwe zenu na kupiga nao picha. Kwetu Wanyakyusa, mke hakutani na baba mkwe wake. Tunaita kutila. Hamsalimii, halitaji jina lake, hapiti mbele yake, hamtazami wala hatazamwi naye. Akimwona anakuja njiani, anaingia kwenye migomba, anajifunika, anachuchumaa mpaka apite. Na mzee naye, akihisi tu kuwa yule pale ni mkwewe, anageuza uso. Hiyo si chuki, ni heshima kubwa kuliko zote. Kanisani walituambia tupunguze, na wengi walipunguza. Nyumba ya Mzee Mwaisaka haikupunguza. Mimi mwenyewe, pamoja na cheti changu cha redio, nimewahi kuchuchumaa kwenye mfereji huko Nkunga na sketi ya kazini, baba mkwe wangu akipita na baiskeli anapiga kengele ili nijue yuko wapi. Sikuona ajabu yoyote, na nikiona mwanamke wa leo anamwambia baba mkwe "shikamoo" usoni, bado mimi ndiye ninayegeuza uso.

Mimi sikuwa mkwe wa Mzee, kwa hiyo tulikaa wawili kwenye kile kibanda bila tatizo. Lakini tangu Sekela alipoanza kazi, niligundua kitu. Darubini ya Mzee ilikuwa na mwendo mpya. Inaanza vizuri, inakwenda, kisha mahali fulani inainuka kidogo, inaruka kipande, inatua mbele. Mahali penyewe palihamahama. Ilinichukua muda kuelewa kuwa panahama na kitenge cha njano cha Sekela. Mzee alikuwa anaiona ile rangi kwa pembe ya jicho, na shingo yake inajiinua kabla hajaiambia. Nilimuuliza kwa utani kama shingo inamuuma. Akasema ni baridi ya Tukuyu. Nikaiacha.

Naye Sekela alikuwa na mwendo wake. Rimu ikigongwa, vibarua wote walikimbilia upande wa mnara, ndiyo ilikuwa amri, ili tuwaone wamesimama pamoja. Sekela hakuweza. Kuja upande wa mnara ni kuja kusimama chini ya macho ya baba mkwe. Kwa hiyo wenzake wakikimbia kushoto, yeye alikimbia kulia, anapotelea kwenye chai. Akina mama wenzake walijua, wakamwachia. Msimamizi, mtu wa mbali, hakuwa akijua lolote. Mimi nilijua. Kila mtu alikuwa salama, ndege zikishuka na kuruka, na nilidhani mambo yamejipanga yenyewe.

Kisha mwenye shamba akaweka uzio. Ng'ombe walikuwa wanamharibia miche upande wa kulia, akaleta waya wa miiba, mafundi wakaufunga mstari mzima. Ulikuwa uzio mzuri. Wala hakuna aliyepanda mnarani kutuuliza, na nasi tulifurahi kuwa ng'ombe watapungua.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umekaa sana. Ndege moja ndogo ilikuwa inazunguka upande wa mlima, rubani mgeni, amechoka kusubiri, ananiuliza kila mara. Ukungu ulipofunuka nikagonga rimu, wanawake wakatoka kwenye njia. Tulikuwa tumegawana kazi kama siku zote: mimi anga na mlima, Mzee njia. Mimi nilitakiwa kutazama juu. Lakini nilimtazama Mzee, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilizoea kuufuata ule mwendo.

Darubini ikaanza. Ikaenda taratibu. Ilipofika kwenye mbonyeo ikasimama.

Ilisimama kuliko kawaida yake. Kisha ikainuka, ikaruka, ikaenda mpaka mwisho wa njia. Mzee akaiweka chini. Kikombe kilikuwa kwenye kipaza sauti. Akakiinua, akasema kwa sauti yake ileile ya upole kwamba njia iko wazi.

Ndege ilikuwa imeshagusa majani nilipowasikia akina mama chini wanamwita Sekela. Nikatazama. Pale kwenye mbonyeo kitu cha njano kiliinuka nusu, kikajikunja tena. Rubani alikiona. Akaivuta ndege pembeni, tairi likaingia mfereji wa maji, bawa likalala kwenye chai likivunjika polepole kama tawi bichi. Kisha kimya, na moshi kidogo.

Nilishuka ile ngazi bila kukanyaga vipandio vyote. Rubani alitoka damu usoni, anatukana, kwa hiyo nikajua ni mzima. Nikamkuta Sekela amechuchumaa kwenye majani, kitenge kichwani, uso umeelekea waya wa miiba. Hakuwa hata na mkwaruzo. Nikamshika bega, hataki kugeuka. Nikageuka mimi, nikaelewa. Mzee Mwaisaka alikuwa ameshuka, amekimbia kama kijana, na amefika karibu nasi. Pale alipofika akasimama. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Akauliza, akiuambia upepo wa upande mwingine: "Bupe. Mzima?"

Nikasema mzima. Akarudi mnarani bila kugeuka, akapanda ngazi. Nilipomfuata nilimkuta amekaa sakafuni, kikombe mkononi, analia. Sikuwahi kumwona mwanaume mzee analia kazini, nikajikuta nampa chai yake bila sukari.

Mkaguzi alitoka Dar es Salaam. Alikuwa mtu mwema, mtu wa pwani, anasikia baridi, amevaa sweta mbili. Alikaa kwenye ofisi ya shamba akamwita Mzee na Sekela kwa pamoja, na shida ikaanzia mlangoni. Sekela hawezi kuingia chumba alimo Mzee. Mkaguzi akauliza kama ana ugonjwa wa kuambukiza. Nikamweleza, akaandika kidogo, akafuta. Mwishowe Sekela akakaa nje chini ya dirisha, kitenge kichwani, mimi nikasimama mlangoni. Mkaguzi ananiuliza mimi, mimi namuuliza Sekela, Sekela ananijibu kwa kunong'ona, mimi namwambia mkaguzi. Mzee amekaa kwenye kiti akitazama ukuta.

Jambo lilikuwa moja, na wote tulilijua. Ama Mzee hakutazama njia, na hapo kazi yake imekwisha, bila hata kiinua mgongo. Ama alitazama vizuri, na Sekela alikuwa amejificha, kinyume cha amri, mahali ambapo hakuna jicho lingemwona, na hapo Sekela anafukuzwa na pengine anashtakiwa kwa bawa la ndege. Mmoja kati yao. Na nyumba ni hiyo hiyo moja, watoto ni wale wale, mume yuko nyumbani hana kazi.

Mkaguzi alianza na mimi. Nikamwambia nilichokiona, kwamba darubini ilisimama, kisha ikaruka. Akaniuliza kama ilisimama maana yake alitazama, na kama iliruka maana yake hakutazama, sasa alitazama au hakutazama. Nikamwambia sijui. Akaniuliza mimi ni mwongoza ndege wa namna gani. Nikaona aibu, lakini hata leo ungeniuliza ningekujibu hivyohivyo.

Akamgeukia Mzee. Mzee akajibu kwa utulivu kwamba hakutazama. Alikuwa na haraka, ndege imesubiri sana, akapitisha macho tu. Mkaguzi akaandika.

Ndipo sauti ikatoka dirishani. Haikuwa ya kunong'ona. Ilikuwa ya Sekela mwenyewe, ameisema kwa nguvu ili wote ndani wasikie, na Mzee Mwaisaka, ambaye hakuwahi kuisikia ile sauti maishani, akashika ukingo wa kiti.

"Andika kwamba alitazama. Mimi ndiye niliyelala chini. Hakuna mtu angeniona."

Mzee akamwambia mkaguzi, bila kugeuka, kwamba aandike alichokisema yeye. Sekela akasema aandike alichokisema yeye. Mkaguzi akaweka kalamu chini. Alisema amekagua ajali nyingi na kila mara watu husukumiana kosa, ila hii ni mara ya kwanza anaona watu wanaligombania. Akaniuliza mimi nani anasema ukweli. Nikasema tena sijui. Chai ikaletwa, ikanywewa, na naapa hakuna aliyejua nini kifanyike, hata yeye mwenye mamlaka.

Ikaandikwa uzembe wa mwongoza ndege. Mzee akastaafishwa. Sekela akapewa onyo na akaendelea na fyekeo lake. Siku ya kuondoka, Mzee alinikabidhi darubini na kikombe, nami nikamuuliza pale juu, tukiwa wawili, kama kweli hakutazama. Akaniambia aliyosema mbele ya mkaguzi ndiyo hayohayo. Nilimwambia nimeona ikisimama. Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyefukuzwa, akashuka.

Nilipobaki mwenyewe nilibadilisha mambo. Nilimlilia mwenye shamba mpaka akakata milango miwili kwenye ule uzio, akinung'unika gharama. Nilifuta amri ya kukimbilia upande mmoja, nikawaambia vibarua kila mtu atoke upande ulio rahisi kwake, na msimamizi anipungie mkono akishawaona wote. Nilianza kuuliza, bila haya, nani ni mkwe wa nani, nani kagombana na nani, nani anamkwepa nani kwa deni au kwa mapenzi. Vibarua wasichana walinicheka, wakasema napenda umbeya. Ndiyo, nilipenda. Na kila nilipotazama njia, mahali pa mwisho kutazama palikuwa pale ambapo macho yangu yalitaka kukwepa zaidi, na hapo nilikaa sana. Hayo ndiyo mafunzo yangu. Chukueni. Mtakapofika kwenye minara yenu mikubwa mtafundishwa kuwa mtu hukosea kwa uchovu, kwa haraka, kwa kutosikia vizuri. Ni kweli. Lakini mtu hukosea pia kwa malezi mema, na hilo sijaliona kwenye kitabu chochote walichonipa.

Ila swali lenyewe lilikaa kooni. Mzee alifariki nikiwa bado kazini. Tulimzika mvua inanyesha, Sekela amekaa mbali, pamoja na wanawake wengine, kichwa kimefunikwa, kama yule mzee angeweza bado kugeuka amwone.

Miaka imepita, nimestaafu, nikasikia Sekela amelazwa hospitali ya Igogwe. Nikaenda na ndizi na maziwa. Alikuwa amekonda sana, lakini anacheka. Tukaongea ya watoto, ya bei ya chai, ya magoti. Kisha akawatupia jicho wenzake wa vitanda vya jirani, akaniambia nisogee.

"Dada Bupe, siku ile baba alinitazama."

Nikamwambia alishamweleza mkaguzi hivyo, kwamba Mzee alitazama ila hakumwona. Akatikisa kichwa. Akasema baba alimtazama yeye, alimwona. Waya ulikuwa umemzuia, muda umekwisha, akachuchumaa kwenye ule mbonyeo, na katika kuhangaika na miiba kitenge kikadondoka kichwani. Akainua macho, akaona vile vioo viwili kule juu vimemwelekea, na havitembei. Alikuwa kichwa wazi, magoti nje, mbele ya baba mkwe.

Nikamuuliza mbona hakupunga mkono, mbona hakusimama, ndege ilikuwa inaonekana kabisa juu ya mlima.

"Ndege niliisahau, dada. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, baba ageuze uso." Akafumba macho, akatabasamu kwa shukrani ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. "Na aligeuza."